Defender Mpya na Tope la Kilombero

Msikilizaji, tangu Land Rover ilipoonyesha Defender mpya kule Frankfurt, Septemba 2019, ubishi haujaisha. Wapo wanaosema limekuwa gari la kupelekea watoto shule mjini. Majaji wa kimataifa nao walilitunuku tuzo ya ubunifu mwaka 2021.

Huku Ifakara, sura ya gari ni jambo dogo. La msingi ni maji. Likiwa na springi za hewa, gari hili linavuka kina cha sentimita 90. La zamani lilipewa 50. Kwa anayekwenda Malinyi au Mlimba wakati wa masika hiyo ni tofauti kubwa, na wanaolibeza wakiri hivyo.

Lakini likizimika je? Defender la zamani, lililokoma kutengenezwa Solihull Januari 2016, lilikaa juu ya chasi ya chuma. Yale yenye injini zisizo na kompyuta, fundi aliyafungua kwa spana chini ya mwembe, akachomelea palipokatika, safari ikaendelea. Hili la sasa linataka kifaa cha kusoma hitilafu kwanza. Mgonjwa anayesubiri gari Lupiro hawezi kungoja livutwe hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400.

Daraja la Magufuli katika Mto Kilombero limetuondolea adha ya kivuko, ila tope la ng'ambo bado lipo. Anayetaka kuziuzia hospitali na hifadhi zetu gari hili alete pamoja nalo kifaa cha kusoma hitilafu, vipuri, na mafunzo kwa mafundi wa hapa hapa Ifakara.