Gari Lako Katika Miezi ya Baridi

(Hotuba ya Kamati ya Tawi kwa madereva, makanika na tanboi)

Ndugu wafanya kazi,

Tumewaita leo kwa sababu ya baridi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti nchi yetu haipati theluji kama Ulaya, lakini dereva aliyeondoka Mombasa na shati moja, akifika Limuru au Kinale alfajiri hawezi kuona mita 20 mbele yake kwa ukungu. Akipanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, mikono humfa ganzi. Gari nalo huona baridi kama mtu, na lisipotunzwa hutudhuru sisi tulio ndani yake. Gari ni mali ya tajiri, lakini roho ni yako.

Basi tutazame mambo ya kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Kwanza, betri. Baridi huipunguzia betri nguvu, na wakati huo huo huifanya oili ya injini kuwa nzito, hata stata ihitaji nguvu zaidi. Ndiyo sababu betri iliyochoka hufa asubuhi ya Julai. Safisha vichwa vyake na ukaze waya. Usishikilie stata kwa muda mrefu. Sekunde 10 zatosha, kisha ipumzishe. Kama gari la dizeli lina taa ya kupasha injini moto, ngoja izimike kwanza.

Pili, tairi. Upepo hunywea kwa baridi. Tairi lenye paundi 100 hupoteza kama paundi 2 kwa kila digrii 5 za joto zinazoshuka. Kwa hiyo pima alfajiri, tairi likiwa baridi. Usiridhike kulipiga teke tu.

Tatu, maji. Usitie maji matupu katika rejeta mwaka mzima, maana huleta kutu. Tia na dawa yake. Wako wanaong'oa thamostati ili injini isichemke. Wakati wa baridi injini hiyo haipati joto lake, hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Tena fungua vali za mitungi ya upepo wa breki, maji yaliyokusanyika yatoke. Mtungi uliojaa maji hauna nafasi ya upepo, na breki isiyo na upepo si breki.

Nne, macho. Waipa ziwe na mpira mzima, na taa zote ziwake, za nyuma pia. Ndani ya ukungu tumia taa za chini. Za juu hurudishwa na ukungu machoni pako. Ukiharibikiwa njiani, ondoa gari barabarani kabisa ukiweza, uweke alama zako mbali nyuma, maana anayekuja hakuoni.

Tano, mteremko. Kutoka Timboroa kushuka hata Salgaa ni njia ndefu, na ikilowa huteleza. Anayetia gia huru ili abane mafuta anauza roho yake kwa bei ya lita chache. Shuka na gia nzito, injini ikushike. Breki ikikanyagwa bila kupumzika hupata moto na kuacha kushika. Hatujasahau tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lilipoacha njia na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wao wakiwa katika biashara zao kando ya barabara.

Sita, na hili twawasihi sana. Msilale katika kebini na jiko la makaa, hata likiwa na majivu tu. Wala msilale injini ikinguruma na madirisha yamefungwa. Makaa na moshi wa injini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia tu, asiamke. Blanketi mbili ni bora kuliko jiko moja.

Sasa, ndugu, mwaweza kuuliza: tairi limekwisha na tajiri hataki kununua lingine, tufanye nini? Kukagua ni kazi yetu. Kutengeneza ni wajibu wa mwenye gari. Askari wa barabarani akikuta gari bovu humshika kwanza aliye kwenye usukani. Kwa hiyo, andika. Andika ubovu katika daftari, tarehe na saa, mpe msimamizi atie sahihi. Akikataa sahihi, piga picha ukurasa ule kwa simu, umtumie.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi amjulishe msimamizi wake hatari kubwa anayoiona. Yamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali pa kazi palipo na hatari hiyo kabla haijaondolewa. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, hairuhusu kukata mshahara kwa uharibifu wowote tu. Lazima uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi, na kiasi kinachokatwa kiwe cha haki. Breki iliyoandikwa mbovu Jumatatu ikashindwa Jumatano si kosa la makusudi la dereva. Lakini bila maandishi, neno lako na neno la meneja yatabishana, na mwajua nani husikilizwa.

Tanboi, nanyi msinyamaze. Ninyi ndio mnaolala chini ya gari na kuuona ubovu wa kwanza. Mwambie dereva, aandike.

Chama kitasimama nanyi mbele ya tajiri na mbele ya korti. Tupeni karatasi ya kusimama nayo.

Safari njema, na rudini salama kwa watoto.