Kete za Bao na Hesabu Kubwa



Hapa Pemba, watu wakaapo barazani kucheza bao la kiswahili, huwa na mashimo 32 na kete 64. Leo twataka kuzitumia kete hizo kwa hesabu. Kwa kete ya kwanza natutoe karafuu 1, kwa ya pili 2, kwa ya tatu 4, kwa ya nne 8, tukizidisha kwa mbili vivyo hivyo hata kete ya 64. Je, zatakiwa karafuu ngapi?

Jibu ni 18,446,744,073,709,551,615. Karafuu zote zilizopata kuchumwa kisiwani mwetu hazikaribii kiasi hicho. Wala hesabu hii si ngeni: mwanachuoni al-Biruni aliipiga yapata mwaka 1000, kwa nyumba 64 za sataranji.

Haina haja kujumlisha moja moja. Kete tatu za kwanza zina karafuu 7. Kete ya nne ina 8. Daima jumla ya zilizotangulia hupungua 1 tu kwa ile ifuatayo.

Sasa tutazame vigawanyo vyake. Kete 2 zina karafuu 3. Kete 4 zina 15, ndiyo 3 mara 5. Kete 8 zina 255, ndiyo 15 mara 17. Kete 16 zina 65,535, ndiyo 255 mara 257. Kete 32 zina 4,294,967,295, ndiyo 65,535 mara 65,537. Kila tukiongeza kete maradufu hupatikana kizidisho kipya: 3, 5, 17, 257, 65,537. Vyote vitano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Kwa kete 64 kizidisho ni 4,294,967,297. Je, nacho ni tasa? Pierre de Fermat, Mfaransa hodari wa karne ya 17, aliona vile vitano, akasadiki kuwa vyote vifuatavyo ni tasa pia. Lakini mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba hicho cha sita ni 641 mara 6,700,417. Bingwa alikuwa amekosea.

Sisi walimu twakuta mara nyingi katika madaftari mifano mitano, kisha maneno haya: "na kadhalika." Mnunuzi wa karafuu mwenye busara hafanyi hivyo. Akiisha kuona magunia matano yamekauka vema, hutia mkono katika la sita pia, kwani unyevu haujulikani kwa gunia la jirani.

Basi msitusadiki sisi, wala Euler. Twaeni kalamu na karatasi, mzidishe 6,700,417 kwa 641, mwone wenyewe. Kwaherini.