Gari Hunywa Oili Kiasi Gani Kabla ya Sevisi?



Liko swali moja ambalo mafundi wa magari huulizwa karibu kila siku. Mwenye gari hufika gereji amekunja uso, akasema ya kuwa oili aliyotiliwa mwezi uliopita imepungua, naye ataka kujua kama injini yake imekwisha kuharibika, au kama alitiliwa pungufu tangu mwanzo. Lakini yuko mwenye gari wa pili, ambaye haulizi neno lolote, kwa kuwa hajafunua boneti tangu siku ya sevisi. Yule wa kwanza pengine ana hofu isiyo na sababu. Huyu wa pili, ambaye hana hofu yoyote, ndiye aliye katika hatari.

OILI HUENDA WAPI?

Watu wengi hudhani ya kuwa oili hukaa ndani ya injini kama maji yakaavyo katika mtungi uliofunikwa, na ikipungua ni lazima mtungi una ufa. Sivyo. Gari likiwa safarini, kila pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda mara elfu mbili au tatu kwa dakika moja. Kuta za silinda hazina budi kupakwa oili, ama sivyo chuma kitasagana na chuma. Ringi za pistoni huikwangua oili ile na kuirudisha chini, lakini huacha utando mwembamba sana, na utando huo huungua pamoja na petroli au dizeli. Oili nyingine kidogo huteremka kando ya mashina ya valvu. Nyingine hugeuka mvuke kwa sababu ya joto, ikafuata njia ya kupumulia ya injini, nayo ikaunguzwa vile vile. Gari lenye turbo lina mahali pengine zaidi ambapo oili yaweza kupenya.

Kwa hiyo kila injini hunywa oili, hata iliyo nzima. Tena injini mpya mara nyingi hunywa zaidi katika kilometa elfu chache za kwanza, mpaka ringi zake zizoeane na silinda. Basi mtu asiulize kama gari lake lanywa oili, bali aulize lanywa kiasi gani.

KITABU CHASEMAJE?

Watengenezaji wa magari huandika kiasi hicho katika kitabu kinachokuja na gari. Katika vitabu vingi vya Toyota, kwa mfano, kiasi cha juu kabisa ni lita 1 kwa kila kilometa 1,000. Watengenezaji wengine huandika nusu lita kwa mwendo huo huo. Hiki ni kipeo, si kiasi cha kawaida. Injini nyingi zilizo nzima hutumia chini ya robo lita kwa kilometa 1,000, na nyingine hutumia kidogo mno hata kijiti cha kupimia hakionyeshi tofauti kutoka sevisi moja mpaka nyingine.

Walakini yafaa kila mtu aitazame hesabu ya kitabu kwa makini. Gari dogo la kawaida huchukua oili yapata lita 4. Wenye magari wengi hufanya sevisi kila kilometa 5,000, na wale wanaotumia oili ya sinthetiki huenda hata kilometa 10,000. Sasa, injini inayokunywa lita 1 kwa kilometa 1,000 haijavuka mpaka wa kitabu, na fundi aweza kusema ya kuwa haina ugonjwa. Lakini katika kilometa 5,000 itahitaji lita 5, yaani zaidi ya oili yote iliyomo! Kitabu hakikukosea, kwa maana kitabu hicho hicho huagiza ya kwamba oili ipimwe mara kwa mara na kuongezwa. Watu hushika neno la kwanza na kusahau la pili.

MFANO WA CHUPA ZA SODA

Mfano ni huu. Mkulima wa Kinangop ana pikapu ambayo hupeleka kabichi na viazi sokoni Nairobi. Kwenda na kurudi ni yapata kilometa 200, naye hufanya safari tano kwa juma. Basi kila juma gari lake hutembea kilometa 1,000, na baada ya majuma matano wakati wa sevisi umewadia. Injini yake hunywa mililita 300 kwa kilometa 1,000, kiasi cha chupa moja ndogo ya soda. Ni nani atakayeogopa chupa moja ya soda kwa juma?

Siku ya sevisi oili ilitiwa hadi alama ya juu ya kijiti. Katika magari mengi, tofauti ya alama ya juu na ya chini ni kama lita 1. Juma la kwanza limepita, chupa moja imekwenda. Juma la tatu, chupa tatu: kijiti chakaribia alama ya chini. Juma la nne, oili iliyopotea ni lita 1 na mililita 200, nayo imeshuka chini ya alama. Kufika juma la tano injini ina lita 2 na nusu tu badala ya 4. Oili hiyo chache hupitishwa upesi zaidi, huwa moto zaidi na huchakaa mapema. Tena Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na Kinangop ni yapata mita 2,500. Gari lipandapo mlima au kukata kona kwa nguvu, oili hukimbilia upande mmoja wa karai lililo chini ya injini, na pampu yaweza kufyonza hewa mahali pa oili. Hapo beringi hukaa kavu, na beringi kavu haihitaji muda mrefu ili iharibike.

Gari hilo halikuwa na ugonjwa wowote. Chupa moja ya soda kwa juma ni chini ya theluthi ya kipeo cha kitabu cha Toyota. Kama mkulima angalifunua boneti kila Jumapili na kuongeza chupa ile moja, injini ingaliendelea na kazi. Asipofanya hivyo, hupoteza injini, na pamoja na injini hupoteza soko la majuma kadhaa, na pengine karo ya watoto iliyokuwa itoke katika soko hilo.

TAA NYEKUNDU SI MLINZI

Wengi hujibu ya kuwa gari lao lina taa nyekundu yenye picha ya birika la oili, nayo itawaambia. Hili ni kosa kubwa. Katika magari mengi taa ile haipimi wingi wa oili, bali nguvu ya msukumo wake. Huwaka msukumo unapoanguka, yaani pampu imekwisha kukosa cha kusukuma. Dereva aionaye taa hiyo njiani yampasa asimame mahali salama na kuzima injini mara moja, asiseme, “Nitafika kwanza kituo cha petroli.” Yako magari ya siku hizi ambayo yana taa nyingine ya kuonyesha wingi wa oili, na mengine hayana kijiti kabisa, wenye magari hayo wafuate kitabu chao.

Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la kobe, ilichukua oili lita 2 na nusu tu, na yapasa ibadilishwe kila maili 3,000, yaani yapata kilometa 5,000. Mtu mwenye oili chache namna hiyo hakuweza kuisahau. Magari ya leo yana oili bora na mwendo mrefu zaidi baina ya sevisi, na urefu huo ndio umewafanya wengi wasahau kufunua boneti.

NAMNA YA KUPIMA

Gari lisimame mahali palipo sawa, si mteremkoni. Injini ikiwa imepata moto, izimwe na kuachwa kama dakika tano au kumi, ili oili ishuke. Kijiti kichomolewe, kipanguswe kwa kitambaa safi, kirudishwe hadi mwisho, kisha kichomolewe tena na kusomwa. Oili ikiwa karibu na alama ya chini, iongezwe kidogo kidogo, ya aina ileile iliyoandikwa kitabuni, wala isivuke alama ya juu. Oili iliyozidi hupigwa na krenki ikawa povu, na povu halilindi chuma.

Kisha daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Dereva aandike tarehe, kilometa, na kiasi alichoongeza. Ikiwa katika kilometa 3,000 ameongeza mililita 600 ili oili irudi pale ilipokuwa, basi gari lake hunywa mililita 200 kwa kilometa 1,000. Hiyo ndiyo tabia ya gari lake, na kuijua ni bora kuliko kujua tabia ya gari la jirani.

LINI AENDE KWA FUNDI?

Faida ya daftari ni kuonyesha mabadiliko. Injini iliyokuwa ikinywa mililita 200 kwa muda wa miaka miwili, kisha ghafula ikanywa 600, inasema neno, ingawa bado haijavuka kipeo. Kwanza na atazame chini ya gari asubuhi: doa la oili ardhini laonyesha uvujaji, ambao mara nyingi ni kazi ndogo. Moshi wa buluu injini iwashwapo asubuhi, kisha ukatoweka, aghalabu hutoka kwenye sili za valvu. Moshi wa buluu gari likikanyagwa mafuta huelekea zaidi kwenye ringi za pistoni. Vumbi nalo ni adui: kichujio cha hewa kilichotoboka, katika barabara za murami, hupitisha mchanga unaokwangua silinda.

Na oili ikipanda badala ya kushuka, mtu asifurahi. Huenda petroli au dizeli inaingia humo. Na ikiwa rangi yake ni kama chai ya maziwa, maji yameingia. Gari hilo lisiendeshwe kabla ya fundi kulitazama.

Hayo ndiyo majibu kwa watu wale wawili. Yule mwenye hofu aweza kutulia, maana kupungua kwa oili si ugonjwa. Afuate hesabu yake tu. Na yule asiyeuliza neno, gari lake likilala leo jioni, afunue boneti asubuhi kabla ya kuliwasha, atazame kijiti, na kama hakioni chochote juu yake, asiendeshe hata hatua moja mpaka ameongeza oili.