Lugha Ndani ya Kikombe: Msamiati wa Chai na Vyombo Vyake katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mjadala wa maneno ya mkopo katika Kiswahili kwa kawaida huelekezwa kwenye dini, sheria na utawala. Mhadhara huu unachukua uwanja mdogo zaidi, nao ni chai na vyombo vyake. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya maneno ya uwanja huu haikuamuliwa na kamati wala baraza lolote. Ilichaguliwa na wanywaji wenyewe, jikoni na barazani. Swali linaloongoza uchambuzi ni hili: pale ambapo lugha kadhaa zilimletea mnywaji jina la kitu kimoja, alilichukua lipi, na uchaguzi wake una maana gani kwa watunzi wa kamusi na walimu wa leo?

2. Chimbuko la neno "chai"

Majina ya chai duniani, kwa sehemu kubwa, yana asili mbili, na zote ni za Kichina. Matamshi ya *te*, ya lahaja ya Fujian, yalichukuliwa na wafanyabiashara wa Kiholanzi katika karne ya 17 na kuenea Ulaya Magharibi. Ndiyo chanzo cha majina ya Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Matamshi ya *cha* yalisafiri kwa nchi kavu hadi Uajemi, ambako yaliongezewa sauti ya mwisho na kuwa *chāy*. Wareno nao, kwa kuwa walifanya biashara Macau, walipata *chá*.

Kiswahili kimo katika kundi la pili, lakini kupitia mlango upi? Wareno walikuwapo pwani ya Afrika Mashariki tangu 1498, na Ngome ya Yesu ya Mombasa iliwatoka 1698. Waliacha maneno kama *meza*, *bendera* na *mvinyo*. Hata hivyo, *chá* yao ingetazamiwa kutoa *cha*, bila irabu ya pili. Kigujarati nacho, ingawa wasemaji wake walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pwani, husema *chā*. Kiarabu sanifu husema *shāy*, na Kisomali kina *shaah*; lakini Kiswahili huihifadhi *sh* ya Kiarabu kama ilivyo, mathalani katika *shaka*, *shukuru* na *sharti*. Hakuna sababu ya kifonolojia ya kuigeuza kuwa *ch* katika neno hili peke yake.

Kinachobaki ni Kiajemi, Kihindi, na lahaja za Kiarabu za Ghuba ambazo husema *chāy*. Bahari ya Hindi iliziunganisha lugha hizo zote katika bandari zile zile. Kwa hiyo ni busara kusema kwamba neno hili ni la bahari hiyo kuliko kulipa lugha moja tu. Mpaka wake upande wa kusini pia ni wa kuzingatiwa. Tanzania na Malawi hupakana na ziwa moja, na nchi zote mbili hulima chai. Lakini Kichewa husema *tiyi*, jina lililopitia Kiingereza. Majani ni yale yale. Njia za majina ni mbili.

3. Chai katika mfumo wa ngeli

Neno linaloanza na *ch-* hukabiliwa na mvuto wa ngeli ya KI-VI, kwa mfano wa *chombo* na *vyombo*. Neno *cheti*, lililotoka Kihindi, lilivutwa huko, na leo wingi wake ni *vyeti*. *Chai* haikuvutwa. Husemwa *chai hii imepoa*, wala si *chai hiki kimepoa*.

Maelezo ya haraka ni kwamba chai haihesabiki, hivyo haikuhitaji umbo la wingi. Maelezo hayo hayatoshi, kwani *chapati* na *chupa* huhesabika na bado zimebaki katika I-ZI. Aidha, Kinyarwanda, ambacho pia ni lugha ya Kibantu, kimelipokea neno hili kwa umbo la *icyayi* na kulipatanisha katika ngeli inayolingana na KI-VI. Mvuto huo, basi, ni uwezekano tu, si sheria.

Hata hivyo, chai si mgeni asiyezaa. Mmea wake huitwa *mchai*, wingi *michai*. Na ule mmea wa majani marefu yenye harufu ya limau umeitwa *mchaichai*. Neno lililoingia likiwa jina la kinywaji limepata kiambishi cha miti na uradidi, yaani limefanywa la nyumbani.

4. Vyombo

Katika vyombo, lugha hukutana ndani ya sinia moja. *Kikombe* ni udogo wa *kombe*, na *chujio* limetokana na kitenzi *chuja*. Hayo ni ya Kibantu. *Kisahani* ni *sahani* ya Kiarabu iliyovishwa kiambishi cha udogo. *Bilauri* imetokana na neno la Kiarabu la kioo angavu. *Sufuria* imetokana na jina la madini ya shaba. Hata viungo vina historia: ndani ya *mdalasini* limo jina la China, kwa kuwa Waajemi waliuita mti huo *dārchīn*, mti wa China.

*Birika* linahitaji uangalifu zaidi. Lina maana mbili: chombo cha kuchemshia maji, na tangi au hodhi. Mwanafunzi huweza kudhani kwamba maana moja imepanuka na kuzaa nyingine. Ukweli ni kwamba Kiarabu kina maneno mawili: *ibrīq*, chombo chenye mdomo wa kumiminia, ambalo nalo lina asili ya Kiajemi yenye dhana za "maji" na "kumimina", na *birka*, yaani dimbwi au hodhi. Kiswahili kiliyakutanisha katika umbo moja. Kwa hiyo kamusi inapaswa kuyaweka kama vidahizo viwili, si maana mbili za kidahizo kimoja.

Birika pia hutofautiana na *buli*. Birika hukaa motoni. Buli huletwa mezani likiwa na chai iliyokwisha kutiwa majani. Katika nyumba nyingi kazi ya buli sasa hufanywa na *chupa ya chai*, ile inayohifadhi joto. Chombo kinapoondoka mezani, jina lake hubaki bila mtumiaji, na vijana wengi huita vyote "birika".

5. Rangi, mkandaa na sturungi

Suala lenye uzito zaidi ni jina la chai isiyo na maziwa. Wengi husema *chai ya rangi*. Wengine husema *sturungi*, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "kali". Pwani lipo jina la *chai ya mkandaa*. Mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko, ambao magome yake hutoa rangi nyekundu na hutumika kulainisha ngozi. Jina hili si tashbihi ya rangi tu: magome ya mkandaa yana tanini kwa wingi, na kemikali za jamii hiyo ndizo zinazoipa chai isiyo na maziwa ukakasi wake. Aliyeipa chai jina hilo aliufahamu mti, rangi na ladha kwa pamoja.

Mwanafunzi wa pwani anapoandika *chai ya mkandaa* katika insha, mwalimu ana uamuzi wa kufanya. Akilikata kwa wino mwekundu na kuandika *chai ya rangi* juu yake, hasahihishi kosa, anafuta ujuzi. Usanifishaji ulikusudiwa kuwawezesha wasemaji wa mbali kuelewana. Haukukusudiwa kuwafanya wote waite kila kitu kwa jina moja.

6. Hitimisho

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, kamusi zitenganishe vidahizo vyenye asili tofauti, kama *birika* na *birika*. Pili, majina ya mahali, kama *mkandaa*, yaandikwe pamoja na eneo lake la matumizi, bila kuhukumiwa kuwa si sanifu. Tatu, wanafunzi wa isimu watumwe kukusanya msamiati wa jikoni kwa wazee wangali hai, kwani maneno haya hayahifadhiwi na mitaala. Wanywaji wa Kiswahili walipokea kutoka Uajemi, Uarabuni, Bara Hindi na Uingereza, wakaongeza vya kwao. Wasomi wasipunguze kilichomo kikombeni.