Papa Atembeaye

Tulipokuwa chuoni tulisoma sana habari za samaki mkubwa aliyemmeza Yona. Habari za papa mdogo hatukuambiwa hata neno, nasi twaona ilikuwa hasara.

Tukisikia jina la papa twafikiri meno na damu. Lakini huyu tunayemtaja leo ni wa urefu wa mita moja tu hivi, wala mtu hana sababu ya kumwogopa. Makao yake ni miamba ya matumbawe ya kaskazini mwa Australia na kusini mwa kisiwa cha Guinea Mpya. Kila upande wa mabega ana doa kubwa jeusi lililozungukwa na weupe, mfano wa nembo ya begani ya afisa wa jeshi.

Maji yakipwa, samaki wengine hukimbilia kilindini. Yeye hubaki vidimbwini akiwinda kaa na minyoo. Na kidimbwi kikikauka, hutembea kwa mapezi yake juu ya mwamba mpaka kingine. Usiku vidimbwi hivyo huishiwa na oksijeni, kwa maana viumbe vyote vilivyomo huvuta hewa ileile, na mimea haitengenezi nyingine gizani. Hapo papa huyu hupunguza mapigo ya moyo, mishipa ya ubongo wake hupanuka ipate kupitisha damu, naye aweza kukaa karibu saa nzima pasipo oksijeni asidhurike. Sisi tusingemaliza dakika kumi.

Hazai, hutaga. Mayai hutoka mawili mawili, kila moja katika mfuko mgumu wa rangi ya kahawia, urefu wake sentimita 10 hivi. Mtoto aliyemo hula kiini cha yai tu. Hicho ndicho chakula cha safari yake yote, wala hakiongezwi.

Basi, mwaka 2021 wataalamu walitangaza matokeo ya kulea mayai hayo huko Boston, Marekani, katika maji ya joto mbalimbali. Katika nyuzi 27, joto la kiangazi la miamba hiyo, watoto walitoka baada ya siku 125 hivi. Katika nyuzi 31, joto linalotazamiwa mwishoni mwa karne hii bahari ikizidi kupata moto, walitoka baada ya siku 100 hivi. Tusidhani kuwahi huko ni heri. Walikimaliza kiini upesi, wakatoka wadogo, wachovu, wenye njaa ya siku ileile. Na mama hayupo. Alikwenda zake alipokwisha kutaga.