Ndala Moja Mlangoni



Hii ni sherehe yetu ya miaka 10. Wenzangu wamezungumzia hisa na mikopo. Mimi nitazungumzia miguu yangu.

Mnajua nina baridi yabisi, ile ya kuvimba viungo, inayowapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Siyo kurogwa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka kumshambulia mwenyewe. Nilidhani inaishia kwenye viungo tu. Kumbe kwa baadhi yetu inaharibu hata mishipa midogo ya damu inayolisha mishipa ya fahamu. Mshipa wa fahamu ukikosa damu, unakufa.

Nilianza na ganzi na kuchomwachomwa kama sindano. Nikanyamaza, maana nilikuwa na rejesho na niliona haya kukopa tena. Siku moja nikakanyaga kaa la moto. Nikajua kwa harufu tu.

Kisha katika mkutano wetu mweka hazina akaniuliza, "Mama, ndala yako nyingine iko wapi?" Ilibaki mlangoni, mimi sina habari! Siku ile ile mkanitolea fedha za mfuko wa dharura, nikaenda hospitali. Daktari alinipima kwanza kisukari na ukoma, kwani navyo huleta ganzi, kisha akanianzishia dawa za kutuliza kinga. Akasema mshipa ukiweza kuota tena, huota kama milimita 1 kwa siku. Nyinyi hodari wa hesabu, pigeni wenyewe kutoka gotini hadi kidoleni. Mguu wa kushoto umerudi. Wa kulia bado naburuza. Hiyo ndiyo riba ya kunyamaza kwangu.

Basi akina mama, ganzi isiyoisha au unyayo usioinuka, wahi hospitali. Udhaifu ukipanda haraka miguuni, usingoje kesho. Dawa usiache ghafla bila daktari. Mwenye ganzi akague nyayo zake kila jioni kwa macho, asitegemee kuhisi.

Ombi langu kwa kikundi ni moja: mwenzetu akichelewa rejesho, kabla ya kumtoza faini tumwulize kwanza, "Hujambo?" Tena tungoje jibu.