Mafunzo ya kazi yenye hayaleti kazi: twende tukague

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi

  Tunajua kama wengi wenu mumekuja kwa miguu.

Tuanze na swali moja. Nani kati yetu hapa hana hata breve moja ya mafunzo ya «kujitegemea» kule nyumbani? Inueni mikono. Munaona, mikono ni michache. Wengi wetu tuko na diploma ya iniversite, na juu yake tuko na breve ya antreprenaria, breve ya kutengeneza sabuni, breve ya kompyuta, breve ya kushona. Mama ameziweka zote mu sakoshi moja chini ya kitanda. Na kazi iko wapi? Tunauza unite pa barabara, tunaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na jioni tunamupelekea pesa yake hata kama siku haikuwa nzuri.

Hatukuja hapa kulia. Kuko wakubwa wenye kusema kama kijana wa Kongo hataki kuchafuka mikono, anataka tu biro na kiti chenye kuzunguka. Wakuje wasimame saa kumi na mbili asubuhi pa mulango wa kampuni yoyote ya madini, waone listi ya watu wenye wanangojea kazi ya siku moja. Leo tunataka kuongea juu ya pesa. Kuko pesa inatoka kila mwaka kwa jina letu, ya kutufundisha kazi, na hakuna mtu anatuuliza kama tulijifunza kitu.

Pesa hiyo inatoka wapi? INPP, taasisi ya Leta ya kutayarisha watu kwa kazi, ilianzishwa mwaka 1964. Inakula mchango wa waajiri: kila mwajiri analipa kati ya 1 na 3 kwa mia ya mishahara yenye anatoa, kufuatana na ukubwa wa kampuni. Kwa hiyo kila siku baba yako anashuka mu mgodi, ao dada yako anauza mu magazini ya watu, kuko kitu kinahesabiwa juu ya jasho lake ili watu wafundishwe. Halafu tuko na Kodi ya madini, yenye ilibadilishwa mwaka 2018. Kodi hiyo inasema kama redevansi ya madini inagawanywa: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, mji, sekta ao sheferi yenye mgodi uko ndani yake, na 10 kwa mfuko wa vizazi vyenye vinakuja. Tena mbali na hiyo, kampuni yenye inachimba inapashwa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Mu pesa za namna hiyo njo munaona kaliko kubwa: «Vijana 200 watafundishwa». Na ikiwa si hiyo, ni pesa ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na sehemu yake moja ni mkopo. Mkopo unalipwa na sisi, na watoto wetu wenye hawajazaliwa.

Basi mtu asituambie kama ni sadaka. Katiba yetu, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu kwa kila Mukongomani, na Leta inapashwa kutukinga na ukosefu wa kazi. Ile semina yenye ulipewa soda na mkate ndani haikuwa zawadi ya mheshimiwa.

Sasa, ubaya unaingilia wapi? Kwa maoni yetu, unaingilia mu kuhesabu. Mradi mwingi unahesabu vichwa. Katika mkataba wanaandika: tutafundisha vijana kadhaa. Ile siku ya mwisho, mwenye kutoa pesa anauliza: mulifundisha wangapi? Wanamuonyesha listi yenye sinyatire, wanamuonyesha foto, vijana wote wamevaa tisheti moja na kofia moja, gavana ao mjumbe wake katikati. Mambo imekwisha. Hakuna hata mstari mmoja wenye kuuliza: huyu kijana anaweza kufanya nini leo, chenye hakuweza kufanya mbele? Kama unalipwa kwa vichwa, utatafuta vichwa. Utafupisha siku, ili kundi lingine liingie. Utachukua ufundi wenye hauombe mashini ya bei kali. Njo maana mji mzima umefundishwa kutengeneza sabuni. Tunasema bila kumucheka mtu: kama kila avenyu iko na watu kumi wenye kupika sabuni, nani atanunua? Na wenye wamefundishwa kushona wanashindana na nguo za tombola, na hakuna mwalimu aliwaambia namna ya kupiga hesabu ya bei mbele ya kununua kitambaa.

Wakati huohuo, kampuni za hapa zinatafuta mtu wa sudire mwenye anaweza kupita mtihani wa kweli, fundi wa umeme wa viwanda, mtu wa kuendesha mashini kubwa. Sheria ya sutretansi ya mwaka 2017 inataka kazi hizo ndogo za kampuni kubwa zifanywe na makampuni ya Wakongomani. Mlango ulifunguliwa, lakini fundi wa kuingia ndani yake anatayarishwa wapi?

Sisi wenyewe, kundi la vijana wenye walikwisha kumaliza masomo na wenye kukaa bure, tulipita mu mafunzo moja ya sudire. Jina la mradi hatutalitaja leo. Kwanza walitufundisha siku nyingi juu ya tabia ya kazi: kufika kwa saa, kuvaa vizuri, kuandika CV. Si mbaya. Lakini mashini ya sudire ilikuwa mbili, na moja ilikuwa na ugonjwa. Kura ilikuwa inakatika saa nne, inarudi wakati tuko tunatoka. Hakukuwa mafuta ya jenereta. Kuko mwenzetu alipata breve yake bila kuunganisha vipande viwili vya chuma hata mara moja. Alikuwa anashika tu chuma wengine wakichoma. Vifaa vya kuanzia vilifika nyuma ya miezi mingi, na vilikuwa vya kura ya SNEL, kwa watu wenye kukaa mu kartiye yenye haina kura. Vifaa vingi viliuzwa pa soko wiki ileile. Watu waliona wakasema: munaona, vijana hawa hawana akili, walipewa vifaa wakauza! Lakini mtoto yuko na njaa, na mashini haiwake. Wewe ungefanya nini?

Mutatuambia: Leta iko na wakaguzi. Ndiyo, kuko Inspection générale des finances, kuko Cour des comptes, na tunaheshimu kazi yao. Lakini mkaguzi wa pesa anaangalia faktire. Faktire inaweza kuwa safi kabisa, na mafunzo yakawa mabovu. Mashini mbili zilinunuliwa, mashini mbili ziko pale, karatasi ni sawa. Nani anahesabu kama vijana arobaini hawawezi kujifunza kwa mashini mbili? Hiyo inaombwa mtu mwenye kujua ufundi, na mtu mwenye alikaa pa benchi. Hao watu ni sisi, pamoja na wapatroni wa atelie za mu kartiye.

Kwa hiyo tunapendekeza ukaguzi wetu wa raia, na tunataka muelewe vizuri namna unafanyika, kwa sababu mtu akienda vibaya ataharibu kazi ya wote.

Mbele mafunzo hayajaanza, tunatafuta karatasi. Miradi ya Benki ya Dunia iko na hati zenye kuonyesha malengo na pesa, zinasomwa bure kwa intaneti, wengi wetu hatujui tu. Kwa pesa ya komine, tunaandika barua kwa burgumesta na tunabakia na kopi yenye muhuri wa kupokea. Tunauliza vitu vya kawaida: masaa mangapi ya mikono, masaa mangapi ya maneno, mashini ngapi kwa watu wangapi, nani alichagua vijana na kwa listi gani. Hiyo ya mwisho iko na uzito. Mnajua vile inaendaga: unafika kujiandikisha, unaambiwa listi ilikwisha kujaa, kumbe tangazo lilibandikwa jana magaribi.

Mafunzo yakiwa katikati, tunaenda kutembelea kwa ruhusa. Tukikataliwa, tunaandika kama tulikataliwa, siku gani na saa gani, na tunaondoka. Hatuingie kwa nguvu. Na hatutukane walimu. Wengi wao wanalipwa kwa siku, wengine hawajalipwa, nao ni mashomeri kama sisi wenye walivaa koti.

Halafu kuko ukaguzi wa tatu, na huu njo wenye maana kuliko yote: miezi sita nyuma ya breve. Tunawatafuta watu wa listi, mmoja kwa mmoja. Uko unafanya nini? Ni ile kazi ulijifunza ao ni ingine? Unaingiza ngapi kwa mwezi? Vifaa viko wapi? Kazi hii haiombe mtaalamu wa Ulaya. Inaomba simu, kaye, na miguu, na sisi tuko na miguu.

Na tunaomba malipo yabadilike. Sehemu ya mwisho ya pesa ya mradi isitolewe ile siku ya foto. Itolewe nyuma ya miezi sita, wakati imeonekana wangapi wanafanya kazi. Lakini tuwe macho hapa. Ukimulipa mtu kwa wenye walipata kazi, atachagua wenye walikuwa na kazi tangu mbele, ao mtoto wa mkubwa mwenye nafasi yake iko tayari. Mama mwenye watoto watatu na mwenye hakumaliza segondari ataachwa inje. Kwa hiyo listi ya kuingia ikaguliwe pamoja na listi ya kutoka, na mtihani wa mwisho ufanywe na wapatroni wenye hawalipwi na mradi. Mwenye garaji ya Katuba hawezi kudanganywa: atakupa ufunguo, ataangalia mikono yako.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinatupa haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka, mmoja mmoja ao kwa kundi, na mamlaka inapashwa kujibu katika miezi mitatu. Miezi mitatu, si «mutarudi kesho». Petisyo yetu inaomba vitu viwili tu: mikataba ya mafunzo yote yenye kulipwa na pesa ya watu wote mu mji huu ibandikwe mbele ya ofisi za komine, na vijana waingie mu kamati za kukagua.

Karatasi za kutia sinyatire ziko pale ku meza, karibu na mlango. Andika jina na komine, usiandike namba ya simu ya mwenzako bila kumuuliza. Mwenye alipita mu mafunzo yoyote, alete kopi ya breve yake siku ya posho, saa tatu; tutaandika ni mafunzo gani, yalidumu siku ngapi, na anafanya nini leo. Wenye kujua sudire, umeme, kushona na makanika wabakie kidogo nyuma ya mkutano, tunawahitaji kwa vikundi vya kutembelea. Petisyo itapelekwa siku ya kwanza ya juma lijalo. Siku muhuri utapigwa juu ya kopi yetu, tutabandika tarehe hapa kwenye ukuta, na tutaanza kuhesabu.